Maji Yaliyolala

Baba alipiga funda moja tu la chai, akalitema kwenye majani ya maboga, kisha akanisukumia kikombe.

“Onja mwenyewe, Gwantwa. Halafu uniambie mke wa mdogo wako ananitaka au hanitaki.”

Nikaonja. Jamani! Maziwa yalikuwepo, tangawizi ilikuwepo, sukari haikuwa haba, lakini nyuma ya hayo yote kulikuwa na uchungu uliokaa kwenye ulimi na kukataa kuondoka. Nikameza kwa aibu tu. Asubuhi ile ile mimi nilikuwa nimekunywa chai jikoni, imepikwa na mkono ule ule kwenye sufuria ile ile, na haikuwa na neno. Nilikuwa hata nimeongeza kikombe.

“Labda maziwa yamechacha,” nikasema.

“Maziwa gani yanamkoroga mtu tumbo wiki nzima?” Baba alikuwa anawatazama kuku wake, hanitazami mimi. “Nimempigia Tuntufye. Jumamosi anakuja na wazee. Nitarudi nao kijijini Mbebe. Mengine watayasema wao.”

Mengine! Nilijua neno hilo limebeba nini. Baba mdogo Tuntufye hapandi gari kutoka milimani Ileje mpaka huku Tunduma kuja kutusalimia. Mzee akihama nyumba ya mwanawe kwa sababu chakula kinamdhuru, mwanamke aliyepika chakula hicho naye anahama, na hakuna anayeuliza mara mbili. Wifi yangu Erica angerudishwa kwao Nakonde, ng'ambo ya mpaka, akiwa na jina la mwanamke aliyetaka kumuua mkwe wake kwa chai.

Mimi hasira zangu ziko karibu, mtaa mzima unajua. Nilikibeba kile kikombe mpaka jikoni nikakibwaga mezani.

“Onja!”

Erica akaonja. Uso ukamkunjamana. Akaonja tena, polepole, kama mtu asiyeuamini ulimi wake.

“Wifi, haki ya Mungu sijatia kitu.”

“Sasa uchungu umetoka wapi? Umekuja kwa miguu?”

“Nimepika kama siku zote. Tena baba nampikia peke yake, saa nne, nikishamaliza kuosha gari la kwanza. Namkingia maji mapya ya bombani. Yale ya ndoo tunakunywa sisi. Mkwe wangu kabisa, nimpe maji yaliyolala?”

Macho yakamjaa machozi. Nilimpekua kwa jicho mpaka nikachoka, na nilichokiona ni mtu anayeshangaa kuliko mimi. Hasira ikaniishia pale pale, ikabaki tabia yangu nyingine ambayo marehemu mume wangu alikuwa anasema ni mbaya zaidi: kitu nisichokielewa kinaniwasha kama upupu. Chai mbili, mpishi mmoja, moja tamu na moja chungu. Kwa nini?

Utauliza kwa nini Erica hakwenda mwenyewe kwa baba akajitetea. Sisi ni watu wa Ileje. Kwetu mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani usoni, hawasemeshani, hawapokezani chombo mkono kwa mkono. Si ugomvi, ni heshima. Wengi wameacha siku hizi, lakini baba yangu, Mzee Nsajigwa, hajaacha na hana mpango. Tangu mdogo wangu Lusajo amwoe Erica, mzee hajawahi kusikia hata shikamoo kutoka kwake. Baba akitaka kupita uani anakohoa, Erica anajifunika kanga na kukata kona. Chai anapika Erica, nabeba mimi. Salamu anatoa mmoja, nafikisha mimi. Nilirudi nyumbani mjane nikafikiri nitapumzika, kumbe nimekuja kuwa mdomo wa watu wawili.

Hata maji yalifuata mwiko huo. Kiwanja chetu kimekaa mteremko. Juu kabisa ni chumba cha baba na banda lake la kuku, katikati ni nyumba kubwa na jiko, na chini ni barabara ambako malori yanapanga foleni kungoja kuvuka kwenda Zambia. Lusajo alipovuta maji ndani alichimba mtaro mpaka kule juu, akamwekea baba bomba lake peke yake, ili mzee na mkwe wasije wakagongana na ndoo. Kwa hiyo bomba moja linaingia kwenye mita, halafu linagawanyika: moja juu kwa baba, moja jikoni, moja chini barabarani.

La chini ni la Erica na mashine yake. Lusajo ni dereva wa lori, na safari moja alirudi na mashine ya presha ya kuoshea magari. Loo, Erica alivyoipenda! Anavaa mabuti ya mpira, anashika ile bunduki yake ya maji, anawapigia madereva wa Zambia salamu zao za “mulishani” za nguvu, na lori lililotoka Kongo na tope lake linaondoka linang'aa. Mashine inachukua maji moja kwa moja bombani, inayatupa kwa nguvu ya kung'oa rangi. Uchungu wa chai ulianza mashine ilipokuja. Hilo nililiona mapema. Lakini lilinisaidia nini? Mashine iko barabarani, chai iko jikoni, na hakuna lori lililokunywa chai.

Alhamisi asubuhi nilipanda kwa baba na uji niliopika mwenyewe. Hakuugusa. Alikuwa amesimama kando ya pipa lake la bluu, fimbo mkononi.

“Njoo uone jingine. Sasa anakuja kuniibia maji ya kuku.”

“Nani?”

“Nani mwingine yuko kwenye nyumba hii?”

Hapo inabidi nieleze jambo ambalo kila mtu wa Tunduma analijua na mgeni hawezi kulijua. Maji kwetu ni ya mgao. Yanakuja yanapotaka, mara nyingi watu wamelala. Basi kila nyumba inafanya hivi: bomba linaachwa wazi, mpira unatumbukizwa kwenye pipa, na mnaendelea na shughuli zenu. Maji yakija, pipa linajaa lenyewe. Baba yeye aliongeza ujuzi wake. Maji yetu yakianza kuja yanatanguliza hewa, na mpira unaruka huku na huku unamwaga nje, kwa hiyo alifunga jiwe kwenye ncha ya mpira na kuining'iniza katikati ya pipa, imezama, imetulia. Kwenye pipa hilo hilo anakatakata alovera, maana kuku wake wanakunywa maji ya alovera kila siku kama kinga ya kideri. Nani atamwambia kitu? Kuku wa jirani wanakufa, wa kwake wananenepa.

“Juzi usiku lilijaa mpaka mdomoni,” baba akasema. “Jana asubuhi nimewapa kuku kopo moja. Mchana nakuta liko nusu. Sasa hivi bado liko nusu.”

Nikainama nikachungulia ardhi kuzunguka pipa. Ilikuwa tope laini, limejaa nyayo za kuku na za makubazi ya baba. Nyayo za mabuti ya mpira hazikuwepo.

“Baba, hajafika hapa. Angekanyaga wapi?”

“Anajua kuruka.”

“Na ndoo kichwani?”

Alinitazama vibaya. Lakini nilikuwa nimeona kitu kingine. Ndani ya pipa kulikuwa na mistari ya ukijani, mstari mmoja mnene kuliko yote, kana kwamba maji huwa yanashuka mpaka pale na kugoma.

“Kila siku yanaishia hapa?”

“Si kila siku. Siku yakiibiwa, yanaibiwa mpaka hapo hapo. Mwizi mwenye kipimo.” Kisha sauti ikamshuka. “Gwantwa, mimi nimemheshimu yule binti. Sijawahi hata kumtazama. Sasa anavuka mpaka anakuja mlangoni kwangu nikiwa nimelala, ananichukulia maji, ananirudishia chai chungu. Nimemkosea nini?”

Alikuwa ameumia, baba yangu. Nilimwona amekuwa mdogo ndani ya koti lake, na nikamhurumia yeye kama nilivyomhurumia Erica.

Jioni Lusajo akapiga simu kutoka Kongo. Nilimweleza yote.

“Dada,” akasema, “mimi najua Erica hawezi. Lakini baba akitoka pale kwa sababu ya mke wangu, nitasimama mbele ya baba mdogo niseme nini? Kwamba baba ni mwongo?”

Na Erica, aliyekuwa amesimama nyuma ya pazia anasikiliza kila neno, aliingia chumbani na kuanza kukunja nguo kwenye begi.

“Unafanya nini wewe?”

“Nitaondoka mwenyewe, wifi. Sitaki kusimama mbele ya wazee niambiwe mchawi. Kesho nitamalizia lori moja nililoahidi, halafu navuka.”

“Mwoga mkubwa wewe! Ukiondoka umekubali.”

“Na nikibaki?”

Nililikalia lile begi. Ndiyo, nililikalia, na mwili huu wangu si wa kuinuliwa na mtu. Lakini nilijua siwezi kukaa juu ya begi mpaka Jumamosi.

Usiku maji yalikuja kwa muda mfupi, lakini Ijumaa kulipokucha mtaa mzima ulikuwa mkavu. Mita ilikuwa imelala. Erica akaunganisha mashine yake kwa mazoea tu, akaiwasha, na maji yakatoka. Akaanza kuosha lori lake. Baada ya muda mashine ikaanza kukohoa: inatema, inanyamaza, inatetemeka kama mtu mwenye homa. Ugonjwa huo ilikuwa nao wiki kadhaa. Kwa bahati fundi Yonasi alikuwa anapita, nikamwita.

Yonasi akazima, akafungua mahali mpira unapoingia kwenye mashine, akachomoa kichujio kidogo cha waya.

“Mbona kimeziba hivi? Mnaoshea maji ya bwawani?”

Kichujio kilikuwa kimevikwa utelezi wa kijani. Niliukwangua kwa ukucha, nikanusa. Na katikati ya ule utelezi palikuwa na kitu kidogo, cheupe, laini. Nikakipuliza kikanyooka. Kinyoya cha kuku.

“Yonasi,” nikasema, “bomba la mtaani linatoa vinyoya?”

“Bomba la mtaani leo halitoi hata hewa, mama.” Akasafisha kichujio, akarudisha, akawasha. Mashine ikakohoa vile vile. “Basi inavuta hewa. Kuna mahali inanyonya hewa badala ya maji. Tafuteni mahali penyewe.” Akapanda pikipiki yake akaenda alikokuwa anakwenda.

Mimi nikabaki na kinyoya kwenye kiganja. Wakati huo huo jirani yetu Ketrina akachungulia uzioni na ndoo.

“Jamani nyie, nisaidieni ndoo moja. Mtaa mzima mkavu, ila kwenu nasikia mashine inaunguruma. Maji yenu yanatoka mbinguni?”

Alikuwa anatania, lakini mimi nilisimama pale mdomo wazi. Ni kweli! Maji haya yalikuwa yanatoka wapi? Siku nyingine za ukame pia mashine ilianza vizuri, na bomba la jikoni likatoa maji. Erica akasema ni baraka, akakinga birika la chai ya baba. Nikaanza kuzihesabu kichwani siku za chai chungu, nikazilaza kando ya siku ambazo mtaa ulikuwa mkavu. Zilikuwa siku zile zile!

“Erica, ukianza tena usizime mpaka nikuambie!”

Baba alikuwa amenunua maji ya toroli na kulijaza pipa lake upya, nilimsikia kule juu akimshukuru mwenye toroli. Erica akawasha mashine. Ikacheka vizuri, haikohoi tena. Nikakimbilia jikoni nikafungua bomba.

Halikutoa maji. Lilivuta pumzi. Nakwambia lilivuta! Lilifanya fyuuu, kama mtu anayenywa chai ya moto, na kule barabarani mashine ikakohoa.

“Wifi! Umefanya nini? Imeanza tena!”

Nikafunga. Mashine ikatulia. Nikafungua. Ikakohoa. Nikachukua kipande cha gazeti nikakisogeza kwenye mdomo wa bomba, kikarukia juu na kunata pale pale. Nilicheka peke yangu kama kichaa. Tangu nizaliwe najua bomba ni kitu cha kutoa. Maji yanakuja au hayaji, basi. Nani aliwahi kuniambia kwamba bomba linaweza kugeuka likanywa?

Nikafunga koki, gazeti likaanguka, na hapo swali likanijia. Mashine ina nguvu ya kunyonya, na mtaani hakuna cha kunyonya. Bomba la jikoni likiwa wazi inanyonya hewa ya jikoni. Likifungwa, inanyonya wapi? Ni bomba gani jingine kwenye kiwanja hiki limeachwa wazi, na linanyonya nini?

Nilipanda ule mteremko na umri wangu huu, kanga mkononi. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda anakata alovera.

“Kuna nini? Nani amekufa?”

Nilichungulia ndani ya pipa. Juu ya maji vipande vya alovera vilikuwa vinazunguka polepole, na vile vidogo vilikuwa vinazama, vinakwenda kwenye ncha ya mpira, vinaingia. Pembeni yake kinyoya kilikuwa kinangoja zamu. Na ncha ya mpira ilikuwa imening'inia sawasawa na ule mstari mnene wa kijani. Mwizi mwenye kipimo! Maji yalikuwa yanashuka mpaka mpira unatoka nje ya maji, halafu mashine inakohoa kwa kunyonya hewa. Na Erica akishazima, mteremko unamalizia kazi: maji yanateremka yenyewe mpaka jikoni, mapya kabisa, ya bombani.

“Baba, weka mkono hapa.”

“Wapi?”

“Kwenye mdomo wa mpira. Weka tu.”

“Gwantwa, mimi si mtoto wa kuchezea maji.”

“Baba, kwa heshima zote, weka mkono!”

Akaweka. Niliuona uso wake ukibadilika. Kiganja kilikuwa kimenaswa. Akajaribu kukitoa, kikang'ang'ania, akavuta kikabanduka kwa kishindo, na mwenyewe bila kuambiwa akakirudisha.

“Kuna mtu anavuta,” akasema kwa sauti ndogo.

“Ni mkweo. Lakini yuko barabarani, baba. Sikiliza mashine. Hajui kwamba anavuta kwako. Anafikiri anavuta mtaani. Na maji haya, na alovera yako, yanashuka mpaka kwenye birika lako la chai.”

“Maji yanaingia hapa. Hayatoki. Tangu lini yanatoka?”

“Tangu mashine ije. Ngoja azime uone.” Nikageuka nikaita, “Erica! Zima!” Malori yalikuwa yanapiga honi, mashine inanguruma, sauti yangu haikufika hata jikoni. “Erica! Zimaaa!” Koo likanikauka, nikaanza kukohoa.

Sasa baba yangu ujanani alipiga tarumbeta kwenye bendi ya Kanisa la Moravian. Mapafu yale hayajazeeka. Macho yake yote yalikuwa kwenye kile kiganja, na hamu ya kujua ilikuwa imemkamata kama ilivyonikamata mimi. Alijaza kifua.

“Mke wa Lusajo! Mwanangu! Zima!”

Mashine ikazimika.

Mpira ukamwachia mkono. Vipande vya alovera vikasimama. Baba akautazama mkono wake, akanitazama mimi, na taratibu akakaa kwenye kigoda.

“Nimemsemesha,” akasema.

“Umemsemesha.”

“Amesikia?”

“Si amezima, baba?”

Akainamisha kichwa. Miaka yote ile ya kukohoa na kukata kona, imekwisha kwa pumzi moja. Nilitaka kucheka, nikaona midomo inamtetemeka, nikaacha.

“Usimwambie mtu,” akasema. “Kesho nitayasema mwenyewe.”

Niliposhuka nilimkuta Erica begi liko mkononi, mabuti bado miguuni.

“Amenifokea, wifi. Umesikia? Mpaka amevunja mwiko ili anifokee. Yamekwisha.”

Hapo amri ya baba ikanishinda. Nilimvuta mpaka jikoni, nikamwonyesha gazeti, nikamwonyesha kinyoya, nikamweleza pipa, jiwe, mteremko, mpaka akaelewa. Alipoelewa alikaa chini sakafuni akaziba uso.

“Kwa hiyo ni mimi. Kweli ni mimi niliyempa uchungu. Ningempa maji ya ndoo kama sisi, asingeumwa. Mimi nikasema hapana, mkwe wangu apewe mapya!”

“Wewe na mpira wake na mashine ya mumeo. Mmegawana.”

“Lakini wazee wataelewa?”

Hilo sikulijua. Mambo ya bomba linalokunywa, utamwelezaje mtu aliyetoka Mbebe na shauri lake tayari mdomoni? Nilimwambia abaki mpaka kesho. Alibaki, ila begi hakulifungua.

Jumamosi baba mdogo Tuntufye alifika na wazee wawili, kofia zao magotini, nyuso zimefungwa. Walikaa sebuleni. Mlango wa jikoni uliachwa wazi kidogo, na nyuma yake nilijua Erica amesimama ukutani na kanga yake kichwani.

“Kaka,” Tuntufye akaanza, “tumekuja kwa neno lako juu ya mkweo. Liseme mbele yetu, tulimalize.”

Baba akakohoa. Kwa mazoea, nyuma ya mlango nilisikia Erica anajisogeza.

“Neno limegeuka,” baba akasema. “Mwenye kesi ni mimi.”

Akawapandisha mpaka kwenye pipa, akawaambia waweke mikono. Nikashuka kuwasha mashine mwenyewe. Mzee mmoja alinaswa kiganja akapiga ukelele, mwingine akataka arudie. Waliporudi sebuleni walikuwa wanabishana kuhusu mapipa ya kwao, na sura zao zimelegea kabisa. Tuntufye tu ndiye aliyebaki mgumu.

“Chai tumeielewa. Hilo ni bomba. Lakini umesema una kesi.”

“Ninayo. Nilimwita mkwe wangu mwizi, na mwizi alikuwa mpira wangu. Halafu jana nimemsemesha kwa kinywa changu. Nimemwita mwanangu.”

Wazee wakaguna. Hilo la pili liliwashtua kuliko sumu.

“Faini yake unaijua,” Tuntufye akasema. “Kuku jike.”

“Nimeshamfunga miguu. Yuko mlangoni.”

“Ukishalipa, mwiko utaurudisha kama zamani, au utauacha. Hilo hatukuchagulii. Sema.”

Baba akainama, akapapasa fimbo yake. Nikaona afadhali nilete chai, maana ilikuwa saa nne. Niligawa vikombe, cha baba mwisho. Akakishika, akakinusa, hakunywa. Wote tulikuwa tunamtazama. Kisha akageuza shingo, akauelekea mlango wa jikoni.

“Mwanangu. Chai hii umepika kwa maji gani?”

Nilijikuta nataka kujibu mimi, mdomo wangu umezoea. Nikauuma.

“Ya ndoo, baba,” sauti ikatoka nyuma ya mlango, ndogo, inatetemeka. “Yaliyolala.”

“Ndiyo hayo mnayokunywa ninyi?”

“Ndiyo, baba.”

“Basi kuanzia leo nipe hayo hayo.”

Akanywa. Akanywa mpaka mwisho, bila kupumzika, na alipomaliza akanyoosha kikombe. Nikasogea kukipokea kama siku zote. Hakunipa. Alikishikilia hewani, kimeelekea mlangoni, mkono ukiwa umenyooka, na wazee wakatazama magoti yao. Mlango ukafunguka. Erica akatoka na kanga yake, akapiga magoti, akakipokea kwa mikono miwili.

Mimi nilibaki nimesimama katikati ya sebule na sinia tupu, sina cha kubeba.